Saa Sita Tunageuka

Siku yangu ya kwanza kazini sikupanda mlima wowote. Nilivuliwa viatu.

Nilikuwa nimetoka Njombe mjini asubuhi na mapema, nikashuka Makambako upepo ukiwa umeshaanza kurusha vumbi la njia panda, mguuni nikiwa na buti mpya alizoninunulia mjomba. Shirika lililoniajiri, ambalo siku hizi halipo tena, lilikuwa na chumba kimoja karibu na stesheni ya reli, maana wageni wengi wa wakati ule walishukia hapo. Kazi yake ilikuwa kuwatembeza watu kwa miguu mpaka mahali pa kutazamia mandhari: maporomoko ya Njombe, nyanda za maua za Makete, na pale palipoyashinda yote, ukingo wa milima ya Ludewa, ambapo mtu anasimama juu na kuliona Ziwa Nyasa limelala chini yake mpaka milima ya Malawi ng'ambo.

Mlangoni alisimama mtu mfupi, mkavu, kofia ya sufu imemfika mpaka kwenye nyusi. Alikuwa Mkuu wa Msafara. Sisi sote tulimwita Mkuu, hata mkewe alimwita hivyo, na mimi hapa nitamwita vivyo hivyo.

"Kamwene," alinisalimu kwa Kibena. Nikafurahi, nikamjibu kwa mbwembwe. Yeye akahamia kwenye Kiswahili. "Salamu za nyumbani zimekwisha. Vua viatu."

Nikavua.

"Na soksi."

Akainama, akavitazama vidole vyangu kimoja kimoja, bila aibu. Kisha akanipa wembe.

"Kata kucha, Yeremia. Mtu hupanda mlima kwa mapafu, lakini hushuka kwa kucha. Hizo zako zitang'oka kabla hatujamaliza mteremko wa kwanza."

Basi nikakaa kwenye ngazi za ofisi, kijana mwenye cheti cha kidato cha nne, nikikata kucha mbele ya abiria wa Makambako. Nilijiona nimedhalilishwa. Naandika haya kwa sababu vijana wengi wanaokuja kuniuliza habari za kazi hii huniuliza kwanza aina ya viatu. Viatu vya siku hizi ni vizuri, sikatai, vina rangi kuliko kanga. Lakini kucha hawakati.

Kesho yake nilipewa cheo changu cha kwanza, nacho kilikuwa "mkia". Katika msafara wetu hakukuwa na mtu aliyetembea mahali alipopenda. Mbele kabisa aliwekwa mgeni dhaifu kuliko wote, aliyechoka au mwenye magoti mabovu, naye ndiye aliyepanga mwendo. Nyuma yake wengine. Mwisho kabisa alitembea mwongozaji, na huyo ndiye mkia. Nilimwambia Mkuu kwamba nilidhani mwongozaji hutangulia, ndiyo maana anaitwa mwongozaji.

"Anayetangulia anaongoza miguu yake," alisema. "Ukiwa nyuma unawaona wote. Aliye mbele hawezi kuachwa, si ndiyo? Basi mweke mbele yule ambaye angeachwa."

Kwenye njia yenye panda tulimtuma mbeba mizigo aliyeijua atangulie hatua chache, lakini mwendo ulibaki wa yule dhaifu. Nilizoea haraka. Niligundua pia kwamba mgeni akiwekwa mbele hajui kwamba ndiye dhaifu. Hudhani amepewa heshima, na heshima humpa nguvu. Mkuu hakumfumbua macho hata mmoja.

Nilikaa Njombe miaka ya mwanzo, kwenye njia fupi. Hapo nilijifunza kipimo cha sentensi. Unamuuliza mgeni swali huku mnapanda, swali lolote, ana watoto wangapi, kwao wanalima nini. Akimaliza sentensi bila kukata pumzi, mwendo ni mzuri. Akikatia katikati, mnapunguza. Akikujibu kwa kutikisa kichwa, mnakaa chini na kunywa chai. Mahali pa kukaa palikuwa pamepangwa, tulipaita kipumulio, na kila kipumulio kilikuwa na sababu: kivuli, maji, au jiwe la kuegemea mgongo. Hatukuruhusiwa kukaa popote pengine, kwa sababu mtu akishakaa bila mpango hukaa mara tatu zaidi.

Kisha nikahamishiwa Iwawa, Makete. Wale wanaoisema baridi ya Njombe hawajalala Iwawa mwezi wa saba. Kule mkubwa wangu alikuwa Mama Stoo, mwanamke wa Kikinga mwenye sauti ndogo na msimamo mkubwa, aliyetunza mablanketi, sufuria na mahema. Alikuwa hatoi blanketi kavu mpaka umrudishie lile la safari iliyopita likiwa kavu. Nilimletea moja lenye unyevu kidogo, kidogo sana, nikamwambia lingekauka njiani.

"Njiani wapi?" aliniuliza. "Kwenye mawingu?"

Nililala siku ile na koti langu na gunia la viazi. Sikumletea tena blanketi lenye unyevu, wala sikumlaumu. Kazi hii ilikuwa na watu wengi wa namna hiyo, wasiolegeza jambo, na leo ninapowakumbuka nawaona kama ndugu zangu.

Lakini kumbukumbu zangu zote zina kitovu kimoja, nacho kiko Ludewa, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka barabarani, juu ya Lugarawa na mbele yake. Huko ndiko kuna jiwe bapa tuliloliita Kibaraza. Unakaa juu yake, miguu inaning'inia, na chini kabisa kuna ziwa na vijiji vya wavuvi, mitumbwi midogo hata huwezi kusema inaendeshwa na mtu. Wageni waliosafiri dunia nzima walifika pale wakasahau hata kupiga picha. Nilimwona mzee mmoja wa Kizungu akivua kofia.

Kibaraza kina njia moja tu ya kukifikia, nayo ni kigongo chembamba tulichokiita Shingo, chenye mteremko mkali kushoto na kulia. Kunapokuwa kweupe, mtoto wa shule anapita akiimba. Kukiwa na ukungu, afadhali ulale pale ulipo. Na ukungu wa kule hautoki juu, unatoka chini. Jua likishapasha joto ufuko, hewa ya ziwani hupanda ule ukuta wa mlima, ikifika kwenye baridi ya juu inageuka wingu, na wingu linaifunika Shingo. Mara nyingi hutokea baada ya saa saba mchana. Halipigi hodi.

Ndiyo maana tulikuwa na sheria moja iliyozidi nyingine zote: saa sita tunageuka. Mahali popote mlipo, mmeliona ziwa au hamjaliona, mmebakiza hatua mia au kumi, saa sita kamili mnageuka. Ili asitokee mtu wa kubishana, Mkuu alibeba saa. Haikuwa ya mkononi. Ilikuwa saa ya mezani, ya kutia ufunguo, yenye kengele mbili kichwani, ile ya kuamshia watoto wa shule. Aliifunga kwenye taulo ndani ya shanta. Ikilia, wapagazi waligeuka hata kama wana kiazi mdomoni.

"Mbona saa ya mkononi isitoshe?" niliwahi kumuuliza.

"Saa ya mkononi inaonwa na mmoja, na huyo mmoja anaweza kujidanganya," alijibu. "Kengele inasikiwa na wote. Na nikuambie, Yeremia, kugeuka siku ya ukungu ni rahisi, hata mbuzi anageuka. Siku ngumu ni ile ambayo mbingu ni nyeupe, haina wingu."

Sasa niseme wazi kabla sijaendelea. Katika maisha yangu yote ya kazi niliivunja sheria hiyo mara moja, na mara moja zaidi nilijaribu kuivunja. Yaliyobaki mengi ni habari za viazi na mablanketi.

Mara ya kwanza ilikuwa Mkurugenzi wa shirika letu alipokuja kutoka makao makuu na wenzake wawili. Alikuwa ameshafika Ludewa mara mbili, na mara zote mbili kengele ilimgeuza kabla ya Shingo. Hiyo ilikuwa ya tatu. Jioni kambini alikaa karibu na moto, akanyoosha miguu.

"Mimi ndiye ninayewaambia watu waje walione ziwa hili," alisema, "na mimi mwenyewe sijaliona. Nikirudi safari hii bila kuliona nitacheka na nani?"

Mkuu alicheka kidogo, akasema tutaamka mapema. Mimi sikucheka. Mezani kwa Mkurugenzi kulikuwa na jina langu, nimependekezwa kuwa mwongozaji wa daraja la kwanza, na nilikuwa nimelisubiri daraja hilo kwa hamu kuliko nilivyoisubiri harusi yangu. Nilitaka beji yenye maandishi ya kijani. Naona haya kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Asubuhi Mkurugenzi alichelewa kuamka. Akachelewa kunywa chai. Tulipokuwa tayari, jua lilikuwa limeshapanda na nikajua kabisa kwamba kengele ingetukuta chini ya Shingo kwa mara ya tatu. Kutia saa ufunguo kila asubuhi ilikuwa kazi yangu. Mkuu alikuwa kijitoni ananawa uso. Nikaitoa kwenye taulo, nikatia ufunguo, kisha nikaushika mshale nikaurudisha nyuma saa nzima. Haikuchukua muda wa kumeza mate. Nikaifunga tena vizuri kuliko siku zote.

Tukaenda. Mkurugenzi akawekwa mbele, akaona ni haki yake. Tukapita Shingo kweupe, tukafika Kibaraza, na ziwa lilikuwa wazi lote, la buluu iliyokolea, na upande wa Malawi milima ilionekana mpaka mikunjo yake. Mkurugenzi alimshika Mkuu bega. "Umenionyesha kitu," akamwambia. Mkuu alitabasamu, na sikuwa nimemwona akitabasamu namna ile. Nilifurahi mpaka nikasahau nilichokifanya. Kengele ikalia, saa sita kwa mishale yake, na saa saba kwa jua. Tukageuka.

Ukungu ulitukuta katikati ya Shingo. Nilimwona Mkurugenzi hatua nne mbele yangu, halafu sikumwona. Mkuu alikuwa mkia kama kawaida. Alituamuru tusimame, kila mmoja ashike mkoba wa aliye mbele yake, na akaanza kupita pembeni yetu mmoja mmoja akitugusa mabega ili atuhesabu. Alipofika kwa Mkurugenzi, jiwe alilokanyaga lilitoka. Nilisikia jiwe likiondoka, nikamsikia Mkuu akisema "ah," kwa sauti ya mtu aliyesahau kitu nyumbani, kisha matawi yakivunjika.

Hakuanguka mbali, vichaka vilimzuia kwenye kimo cha nyumba. Lakini paja lilikuwa limevunjika juu karibu na nyonga. Tulimpandisha kwa kamba za mahema. Tukakata mianzi miwili, tukafunga makoti, tukapata machela, na tukambeba kwa zamu, wapagazi na wageni, na Mkurugenzi naye akabeba, sitamnyima haki yake. Jua likizama tulimfikisha hospitali ya misheni. Njia nzima Mkuu hakulia. Aliuliza mara mbili tu kama watu wote wapo.

Hakupanda mlima tena. Nilipokwenda kumwona wodini alikuwa ameketi, mguu umefungwa, uso umempungua. Nilikuwa nimejiandaa kusema. Nilishafungua mdomo. Yeye akanyoosha mkono chini ya kitanda akatoa lile taulo.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," alisema. "Chukua. Kuanzia leo wewe ndiye unayebeba."

Nikachukua, na sikusema. Wiki chache baadaye barua ilikuja, imesainiwa na Mkurugenzi: Yeremia, mwongozaji wa daraja la kwanza. Beji ilikuwa na maandishi ya kijani kama nilivyotaka. Niliivaa siku moja nikaiweka kwenye kopo la misumari, na nadhani bado imo.

Nikawa Mkuu wa Msafara mimi. Na nilikuwa mkali. Watu waliofanya kazi chini yangu watawaambia, tena kwa furaha, maana wananisema sana. Nimegeuza mabwana harusi waliotaka kupiga picha na bibi harusi juu ya Kibaraza. Nimemgeuza mchungaji wangu mwenyewe wa Kilutheri na kwaya yake, hatua hamsini kabla ya Shingo, wakageuka huku wakiimba pambio la huzuni kwa makusudi. Mgeni mmoja alinitukana kwa lugha yake, na mpagazi wangu aliyeielewa akaniambia, "Mzee, amesema asante." Tulipogeuka siku ya ukungu, watu walinishukuru. Tulipogeuka siku nyeupe, walininunia mpaka barabarani. Zile za kununiwa ndizo nyingi, na ninazionea fahari hata leo.

Lakini saa ile ilikuwa nzito mgongoni kwangu kuliko uzito wake. Kila asubuhi nilipotia ufunguo, mkono wangu ulikumbuka. Miaka ikapita, mingi kuliko inavyopasa, ndipo nikapanda basi dogo kwenda Igwachanya, na kutoka hapo nikachukua bodaboda mpaka kwa Mkuu. Nilimkuta uani amekaa kwenye kigoda, fimbo kando, akichagua viazi vya mbegu.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba. Mkuu wa nini, wa viazi? Kaa."

Nikakaa, nikaanza kuchagua naye, vidogo huku, vikubwa kule, ili mikono iwe na shughuli.

"Nimekuja kwa habari ya saa," nikasema.

"Imeharibika?"

"Haijaharibika. Siku ile ya Mkurugenzi niliirudisha nyuma. Saa nzima. Ni mimi niliyekuvunja mguu."

Hakuacha kuchagua. Alitupa kiazi kimoja kilichooza, akafuta vidole kwenye suruali.

"Kengele ilipolia pale Kibarazani, kivuli changu kilikuwa wapi?" aliniuliza.

Sikujua. Nilikuwa natazama ziwa.

"Kilikuwa kimeshahamia mashariki. Kwetu kivuli hakihami mpaka saa sita imepita na zaidi ya nusu. Yeremia, mimi nimetembea na kivuli changu tangu hujazaliwa. Unadhani sikijui?"

"Ulijua?"

"Nilijua kabla hatujaingia Shingo, wakati wa kwenda. Na Mkurugenzi alikuwa na saa mkononi, tena nzuri. Aliitazama, akashusha mkono wa shati juu yake. Nilimwona."

Nikaacha viazi. "Mbona hukusema, Mkuu?"

"Nilitaka alione ziwa. Nilitaka anishike bega aniambie nimemwonyesha kitu." Alisema hivyo bila kuficha uso. "Tulikuwa waongo watatu mlimani. Saa peke yake ndiyo haikuwa na kosa."

Nililia, na sioni sababu ya kuficha. Yeye aliniacha nilie, akaita ndani tuletewe ulanzi, ile pombe yetu ya mianzi, na alipoona nimetulia akaongeza neno ambalo nimelibeba pamoja na saa tangu siku hiyo.

"Hukujiuliza kwa nini nilikupa wewe? Ningempa mtu ambaye hajawahi kuirudisha, siku moja angeirudisha. Wewe hutarudia."

Tangu hapo kila mwanafunzi wangu nilimsimulia kisa hiki siku ya kwanza, baada ya kumkagua kucha. Shirika lilipokufa, sisi waongozaji wenyewe tuliunda kikundi, tukaendelea. Miongoni mwa niliowafundisha alikuwa Skola, binti wa Kipangwa kutoka Lugarawa. Alikuja akiwa ameshakata kucha. Nilimuuliza nani amemwambia. "Mama yangu anashusha kuni mlimani kila siku, mzee," alijibu. "Hilo nalo linafundishwa?" Nilijua pale pale kwamba nimepata mtu. Alikuwa na jicho la kumjua anayechoka kabla mwenyewe hajajua, na alikuwa na tabia ya kuninyamazia ninapokosea mpaka nijirekebishe, jambo linaloudhi sana.

Magoti yangu ndiyo yaliyoniandikia barua ya kustaafu. La kulia lilianza, la kushoto likaiga. Nikamkabidhi Skola taulo na saa iliyomo ndani, mbele ya kikundi chote, tukala pilau, watu wakatoa hotuba na wengine wakatia chumvi. Wakaniuliza ninataka zawadi gani. Nikasema nataka kwenda Kibaraza mara moja ya mwisho, na safari hii niende kama mgeni, nikae juu ya jiwe, nitazame ziwa bila kuhesabu mtu.

Wakakubali. Tulikuwa wanane. Tuliondoka kambini alfajiri, nyasi zina umande, na mimi nilijisikia kijana kwa muda wa kama saa moja. Baadaye magoti yakaanza kusema. Skola alinisogelea akaniuliza, "Hivi babu, mwaka huu mmepanda viazi aina gani?" Nikaanza kumweleza vizuri, kwa urefu, mpaka nilipokatia katikati ya sentensi kutafuta pumzi. Sikushtuka. Nilidhani anapenda kilimo.

Tulifika chini ya Shingo. Nilikiona Kibaraza kwa macho yangu, jiwe lenyewe, jeupe kwa jua. Hatua mia mbili, labda pungufu. Mbingu ilikuwa safi, hakuna hata kitambaa cha wingu, na upepo ulikuwa umelala. Na saa ikalia.

Vijana wote wakageuka. Mimi sikugeuka. Nilisimama pale, nikajisikia nikisema kwa sauti ya kubembeleza, sauti ambayo nimeisikia kwa wageni mamia na kuidharau.

"Skola, mwanangu. Hebu itazame mbingu. Na saa hiyo ninaijua, ni ya zamani, huwa inatangulia kidogo. Irudishe nyuma kidogo tu."

Wengine walitazama chini. Skola aliitoa saa kwenye taulo, akaizima kengele, akaishika kifuani kwa mikono miwili. Alikuwa na machozi machoni.

"Babu, ile sheria ulitufundisha sote kwa pamoja," alisema. "Ilikuwa ya wageni tu?"

Nilikasirika. Nilitaka kumwambia kwamba mimi ndiye niliyeibeba saa hiyo wakati yeye bado ananyonya, kwamba Shingo naijua kwa nyayo, kwamba sitarudi hapa tena na yeye anajua sitarudi. Yote yalikuwa kweli. Hata Mkurugenzi siku ile alikuwa na kweli zake. Nikajitazama mikono nikaona inataka kuinuka kuishika saa, na hapo nikapata aibu kubwa, halafu nyuma ya aibu ikaja furaha ambayo sikuitegemea hata kidogo. Mkuu alisema sitarudia, akakosea. Ningerudia. Aliyenizuia ni binti niliyemfundisha mwenyewe.

"Haikuwa ya wageni tu," nikamjibu.

"Basi tunageuka."

Tukageuka. Ukungu haukuja. Naapa haukuja siku ile, si saa saba wala saa tisa. Kila nilipotazama nyuma mlima ulikuwa mweupe, kana kwamba unanicheka.

"Unaona?" nikamwambia Skola tulipofika kipumulio cha pili. "Tungekaa mpaka jioni."

"Ndiyo, babu," alijibu nyuma yangu. "Tungekaa."

Akaninyamazia kwa ile tabia yake. Sasa nakaa Njombe, nina miti michache ya parachichi na nina muda wa kuandika. Watu huniuliza kama inaniuma kwamba sikuliona ziwa mara ya mwisho. Inaniuma. Nililiona mara nyingi sana kwa kazi, nikihesabu vichwa, na mara moja niliyotaka kulitazama kwa raha yangu nilinyimwa nikiwa karibu kulifikia. Lakini ukiniuliza siku gani katika maisha yangu ya kazi ninaionea fahari kuliko zote, sitakutajia Kibaraza. Nitakutajia ule mteremko.

Tulikuwa tunakaribia barabara, jua limeshuka, na nilikuwa nimechoka nisiweze kujibu hata kwa kutikisa kichwa. Nilisikia nyuma yangu vijana wakitembea polepole, hatua zao zimeshikana na zangu, na mwisho kabisa, hatua za Skola. Nikatazama mbele kwa mazoea ya mkia, nihesabu vichwa. Hapakuwa na mtu. Tangu asubuhi nilikuwa nimewekwa mbele, na mimi nilidhani ni heshima.